Beringi za Rili ya Kuvulia: Osha Kwanza Kabla ya Kununua

Mama mmoja anayeishi Pwani ya Kenya ametuandikia barua ya kurasa nne. Marehemu mume wake alifanya kazi katika mashua zinazowapeleka watalii kuvua samaki kwa mchezo, upande wa Watamu na Malindi. Miongoni mwa vitu alivyoviacha ni rili mbili za kuvulia, za aina ile ya mviringo inayokaa juu ya ufito, ambazo alizawadiwa na wageni waliokuwa wakirudi kwao. Kijana wake wa kwanza amemaliza shule na hajapata kazi. Tangu mwaka jana amekuwa akishuka horini na rili za baba yake, na mara nyingi hurudi na changu au kolekole wa kutosha kitoweo cha jioni. Wakizidi, huuzwa kwa majirani na pesa hizo hununua unga na sabuni.

Sasa rili moja inakwaruza kama jiwe la kusagia, na ya pili haizunguki hata kidogo. Fundi aliyezishika alisema beringi zimekufa, na kwamba ukihesabu gharama ya kuzitengeneza ni afadhali kununua rili mpya. Amejitokeza mtu mwingine anayetaka kuzichukua zote mbili kwa bei ya chuma chakavu. Mama anatuuliza kama aziuze. Anaongeza kwamba angependa kuzifungua mwenyewe azitazame, lakini shemeji zake wamemwambia vitu hivyo si vya mwanamke.

Jibu letu la kwanza ni fupi: asiuze bado. Beringi nyingi zinazoitwa zimekufa huwa ni chafu tu, na hakuna mtu awezaye kujua tofauti hiyo kabla ya kuziosha. Kuziosha hakuhitaji chochote ambacho hakipatikani nyumbani au katika duka la jirani. Na kuhusu neno la mashemeji, yeyote ambaye amewahi kufungua cherehani, akatoa nyuzi zilizonasa chini ya bobini na kuitia mafuta, tayari anayo mikono ya kazi hii.

Tunapenda mfano huo wa cherehani, nasi tutautumia mpaka mwisho. Ziko rili za namna mbili zinazoonekana sana. Katika namna ya kwanza, ile sehemu iliyozungushiwa mshipi imesimama tu, na mshipi huteleza juu ya ukingo wake unaporusha. Katika namna ya pili, ambayo ndiyo aliyo nayo mama yetu, sehemu hiyo yenyewe huzunguka, kama vile bobini ya cherehani inavyozunguka ndani ya nyumba yake uzi unapovutwa. Kwa hiyo nasi tutaiita bobini. Chubwi linaporuka hewani huvuta mshipi, mshipi huizungusha bobini kwa kasi kubwa sana, na mvuvi huituliza kwa kidole gumba. Ekseli ya bobini imeshikwa kwa beringi mbili ndogo, moja kila upande. Kila beringi ni pete mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, na kati yake zimo gololi zilizo ndogo kama punje za uwele. Kazi yote ya kurusha mbali inategemea gololi hizo.

Si ajabu kwamba rili za namna hii zilianzia mikononi mwa mafundi wa saa. Mwanzoni mwa karne ya 19, George Snyder, fundi wa saa na wa fedha katika mji wa Paris, jimbo la Kentucky huko Marekani, alitengeneza rili ambayo bobini yake ilizunguka mara kadhaa kila mkono ulipozungushwa mara moja, na mafundi wengine wa saa wa jimbo hilo wakamfuata. Hata kiwanda cha ABU cha Svängsta nchini Sweden, ambacho rili zake za Ambassadeur zimeenea duniani tangu miaka ya 1950, kilianzishwa mwaka 1921 kama kiwanda cha saa. Tunalitaja jambo hili kwa sababu linakuonyesha jinsi ya kukishika chombo chenyewe. Ukiishika rili kama saa, utafika. Ukiishika kama baiskeli, kwa nyundo na grisi ya kopo, utaiharibu.

Ugonjwa wenyewe ni upi?

Beringi ya rili huugua kwa njia tatu, na mara nyingi kwa zote pamoja. Kuna mafuta ya zamani yaliyokauka yakawa kama gundi. Kuna mchanga na vumbi. Na kuna chumvi, ambayo kwa watu wa pwani ndiyo adui mkubwa. Maji ya bahari huingia kama umande, maji yenyewe hukauka, chumvi hubaki. Chembe za chumvi huzuia gololi zisibingirike, na hewa ya pwani inapozilowesha tena usiku, kutu huanza kula chuma.

Kutu ndiyo inayoamua kila kitu. Gundi ya mafuta, mchanga na chumvi vyote huoshwa. Kutu iliyokwisha kuchimba vijishimo katika njia ya gololi haioshwi, na beringi hiyo ni ya kubadilishwa. Huenda fundi alisikia mkwaruzo akaamini kwamba ni kutu. Hatumlaumu, lakini mkwaruzo wa chumvi na mkwaruzo wa kutu husikika sawasawa mpaka chumvi itoke.

Kabla ya kufungua

Chagua meza iliyo karibu na dirisha na uitandike kitambaa cheupe, kwa sababu vipande vingine ni vidogo kuliko kichwa cha pini, na vikianguka sakafuni utavitafuta mpaka machweo. Tafuta bisibisi ndogo, pini, vijiti vya meno, mswaki wa zamani, vitambaa visivyotoa nyuzi, chupa mbili ndogo za kioo zenye vifuniko, na sinia au trei ya mayai ya kuwekea vipande kwa mpangilio uliovitoa. Trei ya mayai ndiyo tunayoipenda sisi: tundu la kwanza kipande cha kwanza, tundu la pili kipande cha pili, na wakati wa kurudisha unaanza kwa kile cha mwisho.

Utahitaji pia spiriti, ile ya rangi ya zambarau au isiyo na rangi, na mafuta ya taa kidogo. Hapa lazima tuseme kwa ukali. Petroli usiitumie. Mvuke wake hutambaa chini mpaka kwenye jiko la chumba cha pili na kurudi na moto. Hata spiriti na mafuta ya taa vitumike mbali na jiko, taa ya kibatari na sigara, madirisha yakiwa wazi. Wala usimimine kamwe vitu hivi katika chupa ya soda au kikombe. Watoto wengi wamefikishwa hospitalini kwa kunywa mafuta ya taa wakidhani ni maji au kinywaji, na spiriti ya kuwashia ina sumu inayoweza kumpofusha mtu, au hata kumuua. Ukimaliza, uchafu uliobaki utie katika kopo lenye kifuniko, uliandike, uliweke juu. Sisi tungefanya kazi hii watoto wadogo wakiwa shuleni.

Kufungua

Rili nyingi za mviringo zina skrubu kubwa tatu upande wa mkono wa kuzungushia, ambazo hulegezwa kwa vidole. Ukizilegeza, ubavu mzima wa upande huo hutoka, nawe unaweza kuitoa bobini pamoja na mshipi wake. Zile rili bapa za siku hizi hufunguka upande wa pili, kwa kitufe au kwa kuzungusha ubavu kidogo. Usilazimishe. Kama kitu hakitoki, kuna skrubu ambayo hujaiona.

Itazame bobini vizuri kabla ya kuigusa. Katika baadhi ya rili utaona juu ya ekseli vijipande viwili vidogo sana vya plastiki, vinavyoteleza juu ya kijiti chembamba. Hivyo ndivyo breki: bobini ikizunguka kwa kasi, hurushwa nje na kusugua ukuta wa pete iliyo ubavuni. Huanguka kwa urahisi, kwa hiyo vitoe uviweke mahali pake katika trei. Mafuta yasiguse vijipande hivyo wala ukuta vinaposugulia, maana breki iliyolowa mafuta haishiki. Ukifungua kile kifuniko kidogo kilicho karibu na mkono wa kuzungushia, tazama ndani kabisa. Mara nyingi mna vijisahani vyembamba vya chuma vilivyogandia mafuta, na watu wengi huvimwaga bila kujua. Bila vijisahani hivyo bobini itacheza huku na huko.

Beringi moja kwa kawaida imo katika ubavu wa rili, imezuiwa kwa springi nyembamba ya waya. Toa springi hiyo kwa ncha ya pini, ukiwa umeingiza mikono yote miwili ndani ya mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga. Ikiruka, itaishia humo. Beringi ya pili inaweza kuwa ubavu wa pili, au ikawa juu ya ekseli ya bobini, imefungwa kwa pini ndogo iliyopita katikati ya ekseli. Kama imefungwa kwa pini namna hiyo, ushauri wetu ni kuiacha ilipo. Kuna koleo maalumu ya kusukumia pini ile, na asiye nayo atapinda ekseli, na ekseli iliyopinda haina dawa. Beringi hiyo huoshwa ikiwa palepale: mshipi ukiwa umeondolewa, unaiinamisha bobini, unadondosha spiriti, unaizungusha pete kwa kidole, unafuta, unarudia mpaka kitambaa kitoke cheupe.

Kuosha, na kwa nini maji ndiyo ya kwanza

Wapo watakaokuambia uanze na mafuta ya taa. Kwa rili ya ziwani au ya mtoni ni sawa. Kwa rili ya baharini tunapingana nao, na sababu yetu ni ya jikoni kabisa: chumvi haiyeyuki katika mafuta. Tia kijiko cha chumvi katika mafuta ya taa, tikisa mpaka mkono uchoke, chumvi itabaki chini vilevile. Tia katika maji ya uvuguvugu, itapotea. Kwa hiyo beringi iliyotoka baharini ianze na maji safi ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya maji. Iache humo kama nusu saa, uitikise mara kwa mara, umwage, urudie kwa maji mapya. Ukiona maji yametoka na rangi ya kahawia usikate tamaa, kwa maana kutu ya juujuu pia hutoka hivyo.

Baada ya maji ndipo uipeleke katika mafuta ya taa, kwenye chupa yenye kifuniko, uitikise kwa dakika chache ili grisi ya zamani ilegee. Halafu mwisho ni spiriti. Spiriti hufanya kazi mbili: huondoa utando wa mafuta ya taa, na huchanganyika na maji yaliyojificha kati ya gololi na kuyatoa. Badilisha spiriti mpaka ibaki safi baada ya kutikisa. Kwetu ilikuwa mara tatu. Wengine hutumia dawa ya kuondolea rangi ya kucha, ambayo huwa na asetoni, na kwa chuma kitupu ni nzuri sana. Lakini asetoni huyeyusha aina nyingi za plastiki na huondoa rangi, kwa hiyo isikaribie ubavu wa rili, wala beringi ambayo gololi zake zimeshikiliwa na kizimba cha plastiki.

Beringi nyingine zina kifuniko chembamba cha bati kila upande kinachozuia vumbi. Tazama kwa makini katika mwanga: ukiona waya mwembamba wenye umbo la herufi C umekaa pembeni, tafuta ncha yake kwa pini, uinyanyue, na kifuniko kitatoka chenyewe. Beringi iliyofunguliwa hivyo huoshwa vizuri zaidi. Usipoona waya, kifuniko kimebanwa kiwandani. Usikichokonoe. Osha hivyohivyo, spiriti itapenya kwenye upenyo mdogo uliopo.

Ikauke juu ya kitambaa, kivulini au juani, si juu ya jiko. Na usiilaze usiku bila mafuta. Chuma kilichooshwa mpaka kikawa kikavu kabisa hakina kinga yoyote, na hewa ya pwani haichelewi.

Hukumu

Sasa ndipo unapojua. Shika pete ya nje kati ya vidole viwili, chomeka kijiti cha meno katika tundu la katikati mpaka kikaze, kisha uisukume pete ya nje kwa kidole. Beringi kavu hulia. Mlio mwembamba, wa sauti moja kama wa nyuki, ni wa kawaida na utapungua ukitia mafuta. Usichokitaka ni kugotagota: inazunguka, inakwama kidogo, inazunguka, inakwama palepale. Huo ni mfereji wa gololi ulioliwa na kutu. Irudie kuosha mara moja zaidi, kwa sababu chembe moja ya mchanga huweza kufanya vivyo hivyo, na kama bado inagota mahali palepale, imekwisha. Itikise pia kwa upande. Kulegea kidogo sana ni kawaida. Kulegea kunakosikika kama jino la mtoto linalotaka kung'oka si kawaida.

Tukirudi kwa mama yetu, rili yake inayokwaruza tunaitumaini sana. Ile iliyoganda ni vigumu kuisemea, lakini asikubali neno la mtu kabla hajaitoa bobini na kujaribu kuzungusha kila beringi peke yake. Mara nyingine beringi ni nzima, na kilichoganda ni mtambo unaoupeleka mshipi kushoto na kulia, au ni mshipi mwembamba uliopenya kati ya bobini na ubavu ukajisokota kwenye ekseli. Jambo hili la pili hata wenye cherehani wanalijua vizuri. Na ikiwa beringi mbili kati ya nne ndizo zilizokufa, anaweza kuweka zile mbili nzima katika rili moja kama vipimo vinalingana, akapata rili inayofanya kazi wiki hii, ya pili ikangoja pesa.

Kununua

Anayelazimika kununua asiingie dukani akisema anataka beringi ya rili. Duka la vifaa vya uvuvi, kama lipo, litampa ya jina la kampuni kwa bei ya jina la kampuni. Beringi ni kitu cha vipimo, na vipimo vyake ni vitatu: upana wa tundu, upana wa nje, na unene, vyote kwa milimita. Rili nyingi hutumia beringi ya tundu la milimita 3, upana wa nje 10 na unene 4. Hii ni beringi ya kawaida katika mitambo midogo duniani kote, na namba yake ni 623. Nyingine inayoonekana sana katika rili bapa ni ya 5 kwa 11 kwa 4, ambayo namba yake ni MR115. Nenda na beringi ya zamani mfukoni katika duka linalouza beringi za mashine na mota, waipime mbele yako. Kama hawana, wanaweza kuagiza kwa namba.

Baada ya namba hufuata herufi. ZZ maana yake ina vifuniko vya bati pande zote mbili, na hiyo ndiyo unayoitaka. 2RS maana yake ina vifuniko vya mpira, ambavyo huzuia maji vizuri lakini husugua pete ya ndani na kuipunguzia bobini kasi, kwa hiyo ni nzuri kwa mahali pengine, si kwa bobini. Herufi S mbele ya namba kwa kawaida huonyesha kwamba chuma chake hakishiki kutu upesi. Kwa mtu wa bahari tungeongeza pesa kwa ajili ya herufi hiyo kabla ya kuongeza kwa kitu kingine chochote.

Utasikia pia habari za beringi za gololi za kauri, na za alama ya ABEC kubwa zaidi. ABEC ni kipimo cha Kimarekani cha usahihi wa kutengeneza, hakipimi mbio, wala kutu. Gololi za kauri ni nyepesi na hazishiki kutu kweli, lakini pete zinazozizunguka mara nyingi ni chuma kilekile, na bei yake ni ya watu wanaoshindana kurusha mbali kwa zawadi. Kijana anayetafuta kitoweo horini hazihitaji.

Mafuta: tone moja

Hapa ndipo kazi nzuri ya asubuhi nzima huharibiwa kwa sekunde moja. Mtu ameosha, amekausha, moyo umefurahi, kisha anaijaza beringi mafuta kama anayekaanga maandazi. Bobini inakuwa nzito, chubwi linaanguka karibu, naye anasema beringi ilikuwa imekufa tangu mwanzo. Tumbukiza ncha ya sindano katika mafuta mepesi ya cherehani, acha tone moja lidondoke kati ya pete mbili, zungusha, basi. Kwa anayevua baharini tungekubali tone la pili, kwa ajili ya kinga. Kilichozidi ufute kwa kitambaa.

Grisi ni ya magurudumu yenye meno yaliyo upande wa mkono wa kuzungushia, huko ni mahali pake. Katika beringi za bobini isitiwe. Mafuta ya kupikia hugeuka gundi, kama kila mwenye kikaango anavyojua. Mafuta ya nazi, ambayo watu wa pwani hupenda kuyajaribu kwa kila kitu, huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na alfajiri ya miezi ya baridi ndiyo saa ya kuvua. Na ile dawa ya kupuliza ya kulegeza skrubu zenye kutu hulegeza kweli, lakini haikai muda mrefu kama mafuta. Anayeitumia apulize, afute, kisha atie mafuta yenyewe.

Siku ya kwanza baada ya kuosha

Jambo moja husahauliwa hata na watu wenye uzoefu. Rili iliyooshwa ni rili nyingine. Kijana alizoea kuirusha ikiwa nzito, na kile kifuniko cha kukaza bobini alikilegeza kila mwezi ili kufidia uchafu. Sasa uchafu haupo. Akirusha kama jana, bobini itazunguka upesi kuliko chubwi linavyoruka, na mshipi utamwagika juu yake wenyewe, fundo juu ya fundo, mpaka kisu kiitwe. Mita nyingi za mshipi mpya zimepotea namna hiyo, na lawama zikaenda kwa aliyeosha.

Basi kabla ya kushuka horini, afunge chubwi lilelile analolitumia, ashike ufito ukiwa umelala, akaze kifuniko hicho kidogo mpaka chubwi lisishuke. Halafu alilegeze polepole hadi lishuke lenyewe bila haraka, na bobini isimame mara chubwi linapogusa ardhi. Kama rili ina breki za vijipande, zote ziwe kazini. Arushe mara kumi uwanjani, kwa upole, kidole gumba kikiwa juu ya mshipi, kabla ya kurusha majini. Akiona mshipi hauinuki, alegeze kidogo tena.

Akirudi kutoka baharini, amwagie rili maji baridi ya kisima au ya bomba, kidogo kidogo kama anayenyunyizia mche, si kwa mpira wenye nguvu unaosukuma chumvi ndani zaidi, wala asiitumbukize kwenye ndoo. Aikung'ute, aifute, alegeze breki ya kuzuia samaki ili sahani zake zisigandamane, aiweke mahali penye hewa. Kila baada ya safari tatu au nne za baharini tone moja la mafuta kila upande linatosha, na kuosha kamili kwa spiriti kufanyike kila baada ya miezi mitatu, au siku yoyote rili ikianguka majini.